Siku Niliyotumwa Kukagua Ng'ombe

Binti wa kaka yangu alipochumbiwa, kaka aliniomba niwe mkaguzi wa ng'ombe. Desturi ya hapa Rwanda, upande wa bibi harusi humtuma ndugu mmoja akawaone ng'ombe wa mahari, kisha arudi mbele ya wageni aeleze alichokiona, kwa Kinyarwanda kilichopambwa. Ndugu wa kiume wa kaka ni mimi peke yangu.

Kinyarwanda nilizungumza na mama huko Karagwe tulikozaliwa, hadi alipofariki nikiwa na miaka saba. Kaka alikuwa mkubwa, akabaki nacho. Mimi nikachukua Kiswahili cha shule, cha Mwanza, cha Tabora, cha kila mji niliopanga chumba kisha nikahama. Sasa nimepanga hapa Rwanda, mtaa wa Batsinda, na sokoni wananidhania Mtanzania. Sijui kama wanakosea.

"Baba mdogo," bibi harusi aliniambia, "ukisema Kiswahili pale, wataona nimetoka kwa watu wasio na kwao."

Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Biryogo, anayejua maneno ya sherehe, akaniandikia maneno mazuri, nikayakariri wiki nzima nikitembea.

Siku yenyewe nikaenda nyuma ya ukumbi. Ng'ombe walikuwa wawili. Mmoja akanyoosha shingo kuninusa, na mdomo wangu ukaanza kumsemesha. Yalikuwa maneno ya kumtuliza ng'ombe anapokamuliwa, maneno ya mama. Nikasimama pale nikijiuliza yalikuwa yamekaa wapi miaka yote hiyo.

Niliporudi ukumbini, ya fundi yote yalikuwa yamenitoka. Nikasema niliyokuwa nayo, kwa Kinyarwanda cha utotoni: ng'ombe nimewaona, wamekunywa maji, mmoja ana mimba, mwingine ananusa watu. Nilisema kama mtoto aliyetoka malishoni anavyomwambia mama yake.

Watu wakacheka. Msemaji wa wakwe, mzee mwenye fimbo, akauliza kama mkaguzi wetu ameachishwa ziwa juzi. Hilo nililielewa vizuri. Kaka akainamisha kichwa.

Msemaji wetu hakuharakisha. "Mtoto hajui kudanganya," akamjibu. "Akisema wamekunywa maji, wamekunywa."

Makofi yakapigwa, ng'ombe wakapokelewa.

Bibi harusi alipotolewa ndani kusalimia, alinikumbatia, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama nimechoka. Nikamjibu kwa Kinyarwanda kwamba sijachoka. Akacheka, akaniambia jambo jingine, refu zaidi, na sikulishika. Nikamwomba arudie polepole.