Wimbo Usio na Maneno

Mwalimu wa kwaya pale Kapkatet hana kinanda. Doh, noti ya kuanzia, anaichukua kutoka kwa mafeni ya kiwanda cha majani chai ng'ambo ya barabara, yanayovuma mchana kutwa: anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anasema, "Ndiyo hiyo." Vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu wa chai na havitulii hata akiomba. Besi, sauti nzito ya chini, kwake ni "pesi", na hakuna anayecheka tena. Tangu aone filamu ya watu waliopotea anga za juu, hafundishi kingine ila muziki wa filamu hiyo, ule wa vayolini na tarumbeta nyingi. Beldina, anayeimba alto, amechoka na "uuu" na "aaa".

"Mwalimu, maneno yatakuja lini?"

"Hayaji. Kule juu hakuna hewa, hakuna sauti. Muziki ndio unakwambia chombo ni kidogo na giza ni kubwa."

Jumamosi Mzee Noah wa kanisa alikuja kuusimamisha wimbo huo, maana wimbo bila maneno unamsifu nani? Kabla hajafungua mdomo, stima ikapotea. Mafeni yakanyamaza, kwaya ikapoteza doh, ikakatika. Mwalimu hakushusha mkono. Akaanza kuvuma mwenyewe, chini kabisa, kama feni, mpaka Beldina akahisi ananing'inia mahali pasipo na sakafu, na sauti yake ikaingia bila kuitwa.

"Na maneno?" Mzee Noah akauliza, lakini kwa kunong'ona.

"Mzee, shika pesi."

Mzee akatazama nyuma, kana kwamba kuna mzee mwingine. Kisha akashika.