Sufuria za Kampuni Uani Kwetu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, hajui kurudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Ukimwazima sufuria yenye masizi ya tangu enzi za bibi yako, itakurudia unaweza kujitazama uso kwenye kitako chake. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Ng'aa, hata watoto wasiojua kama ana jina jingine. Naanza na hilo kwa sababu habari hii inaishia kwenye sufuria, na sitaki mtu aje kusema ulikuwa uvivu.

Tunaishi ua mmoja. Chumba cha mbele ni changu. Cha katikati ni chake na kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori na tunamwona kama mwezi mwandamo. Cha nyuma, chenye dirisha la uani, ni cha mama yetu. Mama ana pumu. Alikuwa nayo tangu sisi wadogo, ila uzee umeikomaza. Dirisha lile ndilo pua yake. Asubuhi tukilifungua huegemea pale kama mtu anayesubiri mgeni, na mgeni mwenyewe ni hewa.

Wifi anapika kwenye mgahawa wa ile kampuni kubwa yenye matawi kila mji, ambako ukiingia huku au kule utakuta bango lile lile na maharage yenye chumvi ile ile. Alianza kwa kumenya viazi, akapanda mpaka akawa mpishi mkuu wa zamu ya asubuhi. Mama alijivunia cheo hicho kuliko sisi watoto wake wa kuzaa. "Mkwe wangu analisha mji," alikuwa akisema. "Nyie mnalishwa na nani?"

Mwaka juzi kampuni ilitangaza kwamba inapunguza hewa ukaa, ile hewa itokayo kwenye moto na mashine, inayopanda juu na kuipasha dunia joto. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini hilo nalielewa. Mvua siku hizi hazina adabu, zinakuja bila hodi na kuondoka bila kuaga, na dunia hii Mungu ametupa tuitunze, si tuiunguze. Nikawaombea wale watu wa kampuni, kwa moyo mweupe kabisa. Sala zile sizijutii. Aliyezipokea anajua la kufanya nazo.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Walifunga mita kwenye bomba la gesi la kila tawi, ili makao makuu waone nani anatumia kiasi gani, na wakawafundisha wapishi kubana matumizi. Wifi alirudi nyumbani na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Loweka maharage tangu jana yake, moto utatumika kidogo. Funika sufuria. Usiwashe jiko kabla hujamaliza kukata. Alitufundisha na sisi, na kweli mkaa wetu ukaanza kukaa. Tawi lao likashika nafasi ya pili katika matawi yote.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Meneja wao, kijana mwenye shati lililonyooka kama karatasi, hakuutaka upili. Tawi la kwanza lingepewa ngao ya Jiko Safi, na meneja wake angepandishwa makao makuu. Akamwita wifi stoo.

"Mama, wewe nyumbani una jiko?"

"Nani hana jiko, bosi?"

"La mkaa?"

"La mkaa."

"Basi nisaidie. Maharage na nyama ndivyo vinavyokula gesi. Uvichemshe kwako alfajiri, vije vimeiva, hapa tuwe tunaunga tu. Mkaa nitakupa, sufuria kubwa nitakupa, mtu wa mkokoteni nitakupa. Sina mwingine wa kumwambia. Wewe ndiye mama wa jiko hili."

Ukitaka kumpakia mwanamke wa kwetu mzigo, mwite mama. Hakumwambia "usipokubali utaondoka," ila alimkumbusha kwamba wapo wamenya viazi wengi wanaotaka kupanda. Wifi akakubali. Mimi nilipozikuta zile sufuria uani, kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto, nilimuuliza.

"Wifi, hizi nazo?"

"Za kazini."

"Kwani huko kazini moto umekatazwa?"

"Umekatazwa kwenye mita, wifi. Kwenye ua wetu haujakatazwa."

Tukacheka. Nasema ukweli, tulicheka.

Basi ikawa kila alfajiri, kabla hata sijamaliza sala yangu, majiko mawili yanawaka uani. Ua wetu ni mdogo, ukuta wa jirani huku, choo kule, hivyo moto haukuwa na pa kukaa isipokuwa chini ya dirisha la mama. Mkaa waliouleta ulikuwa wa bei ya chini, mbichi, unaotoa moshi kama kuni. Ukuta ukaanza kuwa mweusi, kwanza kama kivuli, kisha kama ubao wa shule. Tukawa tunalifunga dirisha. Tukilifunga mama anakosa hewa, tukilifungua anapata moshi.

Mama hakulalamika. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Akikohoa, aliziba mdomo kwa kanga ili mkwewe asisikie. Nilipotaka kusema, akanishika mkono. "Mwache atafute riziki. Mimi nimeshakula hewa ya kutosha tangu nizaliwe." Na wifi naye hakuwa jiwe. Alihamishia majiko mlangoni kwa choo, upepo ukaurudisha moshi. Alitundika shuka dirishani, shuka likawa jeusi. Alimwendea meneja, akamwambia mama mkwe wake ana kifua kibovu. Meneja akamjibu, "Vumilia mpaka ngao itoke, mama. Baada ya hapo nitaangalia." Aliangalia kweli, ila aliangalia mita.

Ngao ikatoka. Tawi letu ndilo lililotumia gesi kidogo kuliko yote. Makao makuu wakasema watakuja kuikabidhi wenyewe, na mpiga picha, na dada mmoja wa idara ya mazingira atakayesimama jikoni na mpishi. Wifi akapewa aproni mpya yenye jani la kijani kifuani. Mama akakipapasa kitambaa chake akasema, "Kizuri. Jani hili ni la mti gani?" Wifi akaikunja, akaenda kuloweka maharage.

Alfajiri ya siku hiyo sufuria zilikuwa ndiyo kwanza zinatokota. Nilikuwa bado nimepiga magoti niliposikia wifi anaita jina langu, si "wifi", jina langu. Niliingia chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, mdomo wazi, na hakuna kinachoingia. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Dirisha lilikuwa wazi na moshi unaingia bila hata kusukumana.

Wifi alichukua maji yaliyolowekewa maharage, akayamwaga kwenye majiko yote mawili. Majivu yakaruka mpaka nywele zetu zikawa za wazee. Akambeba mama mgongoni, mimi nikimshika nyuma, tukakimbia naye zahanati. Njia nzima wifi alikuwa akihesabu pumzi za mama kwa mgongo wake.

Walimwekea mama mashine ya mvuke. Rangi iliporudi midomoni, daktari akatuuliza, bila ukali, "Nyumbani mnapikia wapi?" Wifi akatazama sakafu. Nilikasirika pale kuliko nilivyowahi kukasirika, kwa sababu aliyepaswa kutazama sakafu hakuwepo.

"Kaa na mama," akaniambia. "Mimi nakwenda kazini."

"Leo?"

"Leo ndiyo hasa."

Yaliyofuata alinisimulia yeye, na mpishi mwenzake akaja kuniongezea chumvi, lakini mimi naandika bila chumvi. Alirudi nyumbani, akayatia maharage kwenye ndoo za mifuniko kama kawaida, mtu wa mkokoteni akasukuma. Meneja alikuwa mlango wa nyuma, jasho linamtoka kwenye shati lililonyooka.

"Umechelewa. Wageni wako ukumbini. Yako wapi?"

"Kwenye ndoo."

Akafunua, akabonyeza punje moja. "Haya hayajaiva."

"Hayajaiva."

"Mama, unanifanyia nini?"

"Washa gesi, bosi. Jiko si hilo hapo?"

Hakuweza kuwasha. Mita ilikuwa imeunganishwa na kioo kikubwa ukumbini, wageni wanatazama jinsi mshale ulivyolala. Akamwambia, "Mwaga kwenye sufuria, weka moto kama wa mshumaa, ni picha tu. Funika kombe mwanaharamu apite." Wifi akamwaga. Wageni wakaingia, yule dada wa mazingira akasimama kando yake, wakashika mwiko mmoja, wakapigwa picha. Kisha mpiga picha akasema, dada aonje kidogo, itapendeza.

Dada akaonja. Mpishi mwenzake anasema kilisikika. Punje ilivunjika kama kokoto.

"Mbona magumu hivi?" akauliza, mkono mdomoni.

Meneja akaanza kucheka kwa ajili ya wote. Wifi akasubiri amalize.

"Kwa sababu leo nimezima moto," akasema. "Haya huwa yanapikwa kwangu, dada. Kwa mkaa. Chini ya dirisha la mama mkwe wangu, naye ana pumu. Leo alfajiri pumzi ilimkata, nikayamwagia maji majiko, ndiyo maana ni mabichi. Mama yuko zahanati. Ngao ni hiyo hapo mezani, na moshi wake uko nyumbani kwangu."

Dada wa mazingira, nampa haki yake, aliufunika uso wa kamera kwa kiganja. Akamvuta wifi pembeni, akamuuliza habari za mama, na machozi yalimlengalenga. Wifi akadhani amepata mtu. Kisha yule dada akasema kwa sauti ya upole, ule upole wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa:

"Pole sana, mama. Tatizo ni kwamba moshi wa nyumbani kwa mfanyakazi hauingii kwenye hesabu yetu."

"Unaingia kwenye kifua cha mama mkwe wangu," wifi akamwambia.

Akavua aproni, akaikunja vizuri maana ndivyo alivyo, akaiweka juu ya ngao, akarudi zahanati.

Nilidhani baada ya hapo mtu ataona haya. Wiki ile ile wakabandika tangazo katika matawi yote: ni marufuku mfanyakazi kuleta chakula kilichopikwa nyumbani, kwa sababu za usafi. Soma tena. Kana kwamba ni wifi aliyekuwa na tabia mbaya ya kubeba mavyungu yake kupeleka mgahawani. Ngao hawakuichukua, imetundikwa mlangoni hadi leo, ukipita utaiona. Wifi hawakumfukuza, wangemfukuza kwa kosa gani? Walimtoa kwenye upishi wakampeleka kuosha vyombo. Mama aliporudi nyumbani hatukumwambia hilo, lakini aliinusa mikono ya mkwewe, haikunuka vitunguu tena, ilinuka sabuni. Akageukia ukutani.

Mimi huombea watu kwa zamu. Wagonjwa, wasafiri, waliofiwa, kisha maadui. Zamu ya meneja ikifika narudi kwa wagonjwa. Najua nimeamriwa. Namwambia Mungu, huyu utamshughulikia mwenyewe kwa leo, mimi bado.

Kisha akaja. Jumapili mchana, na gari dogo la kampuni, shati limenyooka vile vile. Makao makuu walikuwa wanahakiki vifaa, na sufuria mbili kubwa hazionekani. Aliingia uani, akatazama ukuta mweusi chini ya dirisha, akatazama pembeni.

"Mama, nimefuata zile sufuria."

Wifi akaingia chumbani kwake, akazitoa moja baada ya nyingine, akazikabidhi mikononi mwake. Ndani ziling'aa mpaka jua likapiga dari la upenuni. Nje zilikuwa nyeusi tii, masizi yamegandamana kama lami, kama siku ile alipouzima moto. Sijawahi, tangu ameolewa kwetu, kumwona akirudisha chombo cha mtu namna ile. Nilihisi aibu kidogo kwa niaba yake, mazoea tu, kisha ikaniisha.

Meneja akazishika kwa ncha za vidole. Hazishikiki hivyo, ni nzito. Akalazimika kuzikumbatia, na kifua cha shati kikachukua chake.

"Mama, hizi hazijasuguliwa."

"Nimesugua ndani," wifi akasema. "Nje ni mali ya kampuni."

Mama alikuwa dirishani, ameegemea kama kawaida yake. Akacheka. Kicheko kikashuka kifuani kikageuka kikohozi, kile kirefu, kile tunachokijua. Meneja akataka kuondoka, lakini wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua na hakupisha. Alimtazama tu, mpaka kikohozi kikaisha chote.