Siku Niliyojikana Jangwani

Wenye uwezo wa Doha wana desturi ya kwenda jangwani wakati wa baridi, na huko hubeba kila kitu isipokuwa kazi. Kazi tunabeba sisi.

Mwaka ule familia niliyoitumikia, pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ilitupakia garini mimi niliyekuwa yaya, na mpishi, Mkenya wa Mombasa, pamoja na masufuria, mazulia na nyama ya mbuzi. Tulikwenda kaskazini-magharibi, kwenye miji iliyohamwa zamani. Kuna ngome imesimama peke yake, nyumba za mawe zilizobomoka, na msikiti uliobaki na mnara wake. Mbele yake kuna vilima vyeupe ambavyo upepo umevila miguu, vikabaki na vichwa vikubwa kama uyoga. Palikuwa pazuri, sitasema uongo. Uzuri wenyewe niliuona nimeinama, napuliza makaa.

Binti wa nyumba ile alikuwa na miaka mitatu, na nilimpokea angali mchanga kabisa. Alilala kwangu, akiumwa aliumwa kwangu, na neno lake la kwanza lilikuwa la Kiswahili. Kwetu Tanga mtoto humwita mama kila mwanamke anayemlisha, na hakuna anayepungukiwa. Kwa hiyo aliponiita mama, niliitika. Mpishi alinionya mapema.

"Dada, cha mtu mavi," alisema. "Utakuja kulia wewe."

Nilimcheka.

Mchana ule mtoto alipanda kifusi cha ukuta, akateleza, goti likachunika. Mama yake, madamu wetu, alikuwa karibu, ameshakunjua mikono kumpokea. Mtoto akampita kama nguzo, akanijia mimi kwenye moshi, nikambeba.

"Mama, naumia."

Shangazi zake wakaangua kicheko. Mmoja akasema kwa Kiarabu kwamba madamu atafutiwe mtoto mwingine, huyu ana mwenyewe. Madamu akatabasamu, nami nikajua nimekwisha, maana hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

Alikuja akasimama mbele yangu. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini maneno yake niliyaelewa yote. Nimweke mtoto chini. Nimwambie, kwa hiyo lugha yetu, mimi ni nani. Nilimwomba tuoshe goti kwanza. Akasema sasa hivi.

Nikachuchumaa. "Mimi si mama yako," nikasema. "Mimi ni mtumishi."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo, akanyoosha mikono nimbebe. Madamu akaamuru nirudie, na nisimguse. Nikarudia. Nilipoambiwa niseme tena, mtoto aliacha kucheka, akabaki kunitazama. Damu ilikuwa imemfika kwenye kiatu na sikuwa na ruhusa ya kuifuta. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote, na sijaacha mpaka leo.

Wakamchukua, wakambembeleza kwa halua. Jioni nilipopeleka chai pale walipokaa, shangazi mmoja alininyooshea kidole, akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani?" Alikuwa mapajani kwa mama yake. Akafikiri kidogo.

"Khadama," akasema, ndiyo mtumishi kwa Kiarabu.

Wakampigia makofi, wakambusu mashavu yote mawili. Alipoona neno limewafurahisha watu, akalirudia, akalirudia tena, huku ananitazama mimi ili nami nicheke.

Nikacheka.