Goti la Mhoja Lililodungwa Sukari

Mhoja wa Buswelu alikuwa mpakizi wa marobota ya pamba, na baada ya mavuno alikuwa mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Mwaka wanunuzi binafsi walipoingia Usukumani, malori yalizidi na haraka ikazidi. Akateleza juu ya lori, goti likapinda. Tangu hapo kila alipochuchumaa lilimwangusha. Kiongozi wa kundi lake akamwambia wazi kwamba asipoweza kuchuchumaa kufikia mashindano ya Julai, nafasi yake atapewa mwingine.

Daktari Venant wa zahanati moja huko Mkuyuni alimweleza kwamba kano za goti zimelegea. Angezidunga maji ya sukari ya hospitali; pangevimba, na mwili katika kujiponya ungezikaza upya. Wengine hupona, wengine hawaponi. Ila asimeze vidonge vya kutuliza uvimbe.

Mkewe Ng'washi alipoona goti limekuwa kama boga, aliuliza ni daktari gani huyu anayeongeza ugonjwa. Mhoja akavificha vidonge vyote vya nyumbani, asije akasagiwa kwenye uji.

Luhaga, kaka wa Ng'washi, aliongoza kundi pinzani. Alikuja kumjulia hali, akalibonyeza goti.

"Umechanjiwa dawa gani humu?"

"Sukari, shemeji."

Kwetu makundi mawili hucheza kwa pamoja, na mshindi ni yule aliyevutia watu wengi upande wake; kwa hiyo wachezaji huchanjwa dawa ya mvuto.

"Sukari huita sisimizi," akasema Luhaga. "Wewe sasa unaita watu."

Mhoja akaapa kwamba ni tiba ya maumivu tu. Kesho yake Luhaga alikwenda zahanati na magoti yake mazima, akitaka yadungwe yote mawili. Daktari akamrudisha. Basi akalalamika katika kila kilabu cha pombe, hadi mjini Nyamagana, kwamba wapinzani wametia sukari gotini.

Sindano zilirudiwa, na goti likakaza polepole. Siku ya mashindano kundi la Luhaga lilicheza vizuri, pengine kuliko la Mhoja. Lakini watu walikuwa wamekuja kuona goti. Wakavuka uwanja mmojammoja, kisha makundi kwa makundi. Mhoja akachuchumaa, akarusha jembe, akalidaka, akainuka bila kushika kitu.

Upande wa pili walibaki wapiga ngoma. Luhaga naye akavuka, akapenya hadi mbele.

"Chuchumaa tena, shemeji," akasema. "Sikuona vizuri."

Mhoja akachuchumaa.