Nilimfungia Mlango Mke wa Mtu wa Mionzi

Mkosa ni mimi, simsingizii mtu. Woga ulinifanya mnyama!

Tulikuwa tukikaa kwenye fleti za Oxon Hill, korido moja na shoga yangu Mize, mtu wa Pemba. Mumewe, Faki, alikuwa mhandisi kwenye ofisi moja kule Arlington. Mize ndiye aliyenipokea nilipofika Marekani, akanifundisha hata kupanda basi. Mwanangu Rukia alikuwa akishinda kwake.

Siku moja tukila kwao, nikamwuliza Faki kazi yake hasa ni nini.

"Taka za vinu vya nyuklia, shemeji," akasema. "Zina sumu ya kukaa maelfu ya miaka. Tunatafuta njia ya kuichambua ile inayodumu sana, itengwe, irudishwe kinuni. Mle ndani inapigwa na chembe ndogo za atomu mpaka inageuka kitu kingine, sumu yake inaisha mapema."

Maskini mimi! Nilisikia neno moja tu: sumu.

Na mwaka ule televisheni haikuwa na habari ila kile kinu cha nyuklia kilicholipuka Urusi ya wakati ule. Nikaanza kumtazama Faki akirudi kazini, koti lake, viatu vyake. Chakula cha Mize nikawa sikigusi. Rukia akatokwa na damu puani, basi! Nikajua tumekwisha. Nikamkataza kwenda kule. Wenzangu Waswahili wa pale nao nikawanong'oneza: "Yule bwana analeta mionzi nyumbani." Wakaacha kumtembelea Mize, naye ana mimba.

"Shoga, nimekukosea nini?" aliniuliza.

Nikamwambia nina mafua.

Kisha ikaanguka theluji kubwa, magari hayapiti. Faki akakwama Arlington. Asubuhi nikasikia mlango unagongwa.

"Mama Rukia, nifungulie! Uchungu umenishika!"

Nilichungulia kwenye kitundu cha mlango, ni Mize. Kajishika kiuno, kavaa koti la mumewe. Lile koti! Nikawaza, akijifungulia humu, damu yake itamuua mwanangu. Nikachukua taulo nikaziba uwazi wa chini ya mlango. Ya Rabi, nilimziba mwenzangu kama moshi!

Aligonga mpaka akachoka. Nikamsikia akianguka. Mama mmoja Mmarekani wa mlango wa pili ndiye aliyetoka, akaita ambulansi. Ikachelewa kwa theluji. Mtoto alizaliwa pale pale koridoni, mzima, lakini Mize alimwaga damu nyingi mno. Hospitali wakamtoa kizazi. Mtoto wake wa kwanza, na ndiye wa mwisho.

Faki alinijia. Hakupiga kelele, laiti angepiga!

"Shemeji, kazi yangu mimi ni hesabu kwenye karatasi. Hizo taka zenyewe sijapata kuziona kwa macho. Ungeniuliza tu."

Damu ya Rukia? Daktari alisema ni ukavu wa hewa ya hita, ile ya kupasha nyumba joto.

Walihamia Fairfax bila kuniaga. Nilikutana na Mize dukani mara moja tu. Nikaita, "Shoga!" Akamfunika mwanawe uso kwa kanga, akapita haraka, kama mimi ndiye mwenye sumu.

Jamani, mkiogopa kitu, ulizeni! Msikae kimya mkailisha hofu mpaka ikawashinda nguvu. Na mtu akikugongea anakuhitaji, fungua kwanza. Uogope baadaye.