Kijiko cha Bi Futi

Ofisini walimwita Bi Futi, kwa sababu hakutoka bila futi ya kupimia. Lakini chombo chake hasa kilikuwa kijiko cha chai. Kabla jengo halijaingia katika rejesta ya majengo ya kale ya mkoa, alikwangua ukuta kwa ncha ya kijiko hicho. Chokaa ya zamani hushuka kama unga. Saruji hugoma, kijiko kikalia kriii. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandikisha majengo mia moja na tisa: maghala, kituo cha reli, kisima, nyumba za watu. Wengi walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengine walimletea vyeti vya kughushi na babu wa kuazima. Wote aliwajibu vilevile: "Ukuta hauna shangazi."

Kisha shangazi yake akaleta maombi.

Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka mitatu. Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na nyumba ya shangazi ilikuwa imepigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Nyumba iliyo kwenye rejesta haiguswi, barabara huikwepa. Sharti ni moja: iwe imetimiza miaka mia.

Bi Futi alimwomba mkuu wake amtume mtu mwingine.

"Yupi?" mkuu akacheka. "Dereva?"

Akaenda. Shangazi alimpokea barazani, akamwonyesha boriti ya juu ya mlango, iliyochongwa tarakimu za mwaka.

"Hesabu mwenyewe, msomi. Mia na kumi na minne!"

Mbao ilikuwa ya kale kweli. Lakini miguu ya fremu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na ilikuwa na makovu ya bawaba tatu ilhali mlango ulining'inia kwa mbili. Bi Futi akatoa kijiko, akakwangua ukuta pembeni.

Kriii.

"Shangazi, mlango huu ulitoka wapi?"

"Mlango hutoka wapi? Umeota."

"Shangazi."

Shangazi akavuta pumzi. "Marehemu mume wangu aliununua kwenye ghala lililobomolewa. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nani anajua?"

"Kijiko kinajua."

"Nilikulisha kwa kijiko, leo unanikwangua nacho! Wenzio wanacheza kwao wanatuzwa, wewe kwenu unakuja kubomoa." Kisha akashusha sauti. "Fomu yako inauliza nini?"

"Mwaka unaosomeka kwenye jengo."

"Si unasomeka? Andika, mwanangu. Sijakwambia useme uongo."

Na kweli, hakuna neno hata moja ambalo lingekuwa la uongo. Hapo ndipo uongo mbaya kuliko wote hupenda kupanga chumba: ndani ya maneno ya kweli. Bi Futi aliijua nyumba hiyo. Aliijua na harufu ya jiko lake. Lakini akaandika: nyumba, miaka sitini, haifai. Akachukua fomu ya pili: mlango, miaka mia na kumi na minne, uhifadhiwe.

Nyumba ilibomolewa mwezi wa nane. Shangazi akahamia kwa Bi Futi, kwa kuwa hakuwa na kwingine, na mlango ukaja naye kwenye lori. Ulikuwa mpana kuliko nafasi ya mlango wa Bi Futi. Ikabidi fundi avunje ukuta wa mbele ili aupachike. Kwa miezi mitatu bibi alikula, akalala, akajibu salamu kwa kichwa.

Siku moja wakaja wanafunzi wa ufundi kuuona mlango. Bi Futi alikuwa ndani akisikiliza.

"Bibi, kwa hiyo nyumba hii ina zaidi ya miaka mia?" mmoja aliuliza.

"Ishike adabu kalamu yako," shangazi akamkatiza. "Mlango ndio wa miaka mia. Nyumba ni ya juzi. Andika hivyo hivyo, la sivyo kuna mtu humu ndani atakutolea kijiko." Kisha akageuza shingo. "We Futi! Wageni hawa hawanywi chai?"