Kitanda Kilichonitoa Ilongero

Niliondoka nyumbani Ilongero kwa sababu ya kitanda. Binti yangu Naomi, aliyeanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kilimatinde, aliazima simu ya matroni akatueleza kwamba kitanda chake kinapiga kelele, hapati usingizi, na anataka kurudi nyumbani. Mama yake alinitazama kana kwamba kitanda hicho nilikichomelea mimi. Akatoa hukumu papo hapo: niende siku ya wazazi, niikague shule nzima, na nikiona si mahali pa kumwacha mtoto, nirudi naye.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilifunga spana zangu, kopo la oili na vipande vya tyubu kuukuu. Mama Naomi akaongeza mfuko wa karanga za kukaanga, akanionya nisianze kutengeneza baiskeli za watu njiani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nyuma ya bodaboda kuelekea Singida mjini, na mnyororo wa pikipiki ulikuwa mkavu hadi nikauonea huruma. Nilikaa kimya, maana nilikuwa nimeonywa.

Mjini nikapanda basi la Manyoni, nalo lilipofika Issuna likasimama watu wanunue vitunguu. Mama niliyekaa naye aliniuliza ninakokwenda, nikamweleza. Akasema binti yake naye alilia muhula mzima wa kwanza, na sasa likizo anaiona ndefu. Nilimjibu kwamba wangu halii, tatizo ni kitanda tu. Akanitazama kidogo, akaendelea kuchambua vitunguu vyake.

Saa nne kasoro niliteremka Manyoni, nikapanda bodaboda nyingine hadi shuleni. Breki za huyu sitazisimulia. Getini mlinzi alipekua begi, akaziinua spana, akauliza ni za nini. Nikamwambia za kitanda. Alifikiri sana, kisha akaandika kwenye daftari lake: mzazi mmoja, spana nne.

Naomi alikuja mbio, akaniamkia, akaninyang'anya karanga. Alikuwa amekonda kidogo, au labda sare ilikuwa kubwa. Nikamwambia anitembeze kwanza, maana mama yake atataka taarifa kamili.

Tulianza na maabara, ambako niliruhusiwa kuchungulia dirishani tu. Maktaba ilikuwa na viti vinane, kimoja kinayumba, nikakikaza. Bwaloni nilitikisa mabenchi yote na sikupata kosa, jambo lililoniudhi kidogo. Jikoni kulikuwa na sufuria ambayo ningeweza kuogea humo na miguu nikainyoosha. Nyuma ya jiko yalisimama matangi matatu ya maji ya mvua. Wasichana wameyapa majina ya walimu, kufuatana na lipi linatoa maji kwa ubahili. Nilifungua kila bomba. Nilitoka nyumbani nikitafuta kasoro, na kusema kweli nilitamani niipate, kwa sababu nyumba yetu imekuwa kimya mno tangu mtoto aondoke.

Kisha tukafika bwenini, safari ikagota. Mbele ya mlango kuna mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na mwanamume havuki mawe hayo, awe baba, awe mwalimu. Matroni, mama wa Kigogo mwenye sauti ya taratibu, alinisimamisha hapo. Nikamweleza kwamba mgonjwa wangu yumo ndani.

"Basi mgonjwa ataletwa," alisema.

Wasichana sita wakakibeba kitanda cha deka, cha kulala juu na chini, wakakitua kwenye mstari, miguu miwili upande wao, miwili upande wangu. Nilikitikisa, kikalia kama lango la zizi. Ugonjwa ulikuwa mwepesi: nati zimelegea na chuma kinasugua chuma. Nikakata tyubu, nikaweka kipande kwenye kila kiungo, nikakaza. Nilipoinua kichwa, vitanda vingine vitatu vilikuwa vimepanga foleni kwenye mawe, na wenyewe wananiamkia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Naomi alipokwenda kunichotea maji ya kunawa, alinijia msichana mwembamba mwenye mtandio mweupe. Alijitambulisha kuwa ni Zuhura wa Singida mjini, ndiye anayelala chini ya Naomi.

"Baba, naomba usikaze zote," alisema polepole.

Nikamwuliza kwa nini.

"Naomi akilia hatoi sauti. Kitanda ndicho kinachotoa. Nikikisikia nagonga chaga mara mbili, anashuka, tunaongea mpaka anasinzia. Sasa kikinyamaza, nitajuaje?"

Tangu nianze ufundi hakuna mteja aliyewahi kuniomba niharibu kazi yangu. Niliitafuta nati ya pembeni, upande wa mto, nikailegeza robo mzunguko.

Naomi alirudi, akapanda kujaribu. Kitanda kikatoa mlio mdogo.

"Baba, bado kinalia."

"Kidogo tu. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wangu. Sasa niambie, twende nyumbani?"

Alimwangalia Zuhura, aliyekuwa ameanza kuzila karanga bila kukaribishwa. Akacheka.

"Likizo nitakuja naye," akasema.

Saa tisa kengele ya wageni ililia, nikaondoka peke yangu. Nilipopita tena Issuna nilimkumbuka yule mama wa vitunguu, nikaona haya. Nilikuwa nimekagua mabomba na mabenchi kwa bidii, wakati jambo nililopaswa kulijua la shule ile lilikuwa limelala kitanda cha chini.

Jioni Mama Naomi alinikuta nikishuka kwenye bodaboda bila mtoto. Nilianza na matangi, nikaja kwenye sufuria. Akanikatiza.

"Kitanda je?"

"Kinalia kidogo."

"Fundi gani wewe?"

Ndipo nikamsimulia habari za Zuhura. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na debe la karanga, akaanza kuzichambua kwenye ungo.

"Safari ijayo," alisema, "utapeleka mifuko miwili."